Msizifute BMP na PCX za zamani baada ya kuzigeuza JPEG

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalozigusa shule, parokia, ofisi za ardhi, studio za picha na familia nyingi zenye CD na disketi za miaka ya 1990 kabatini. Anayepeleka vitu hivyo kwa fundi, zikakutwa ndani yake faili zinazoishia na .bmp, .pcx au .tif, mara nyingi hupewa ushauri mmoja: zigeuze zote ziwe JPEG, kisha futa za zamani, zinakula nafasi bure. Ni kweli faili hizo ni nzito, na ni kweli simu na programu nyingi za leo hazifungui baadhi yake, hasa PCX. Lakini ukizigeuza JPEG na kufuta za awali, umetupa sehemu ya picha ambayo hakuna programu itakayoirudisha, na hasara yenyewe haionekani siku hiyo. Itaonekana siku picha itakapotakiwa kuchapwa kwa ukubwa wa bango, au siku mtu atakapotaka kusoma namba ya kiwanja iliyoandikwa kwa kalamu nyembamba pembeni mwa ramani.

Msimamo wangu ni huu: faili ya zamani igeuzwe iwe PNG, au TIFF pale PNG isipofaa, igeuzwe bila kupoteza hata nukta moja, ilinganishwe na ya awali kwa programu, maana macho hayatoshi, na ya awali itunzwe. JPEG ibaki nakala ya kuwatumia watu. Nitaingia ndani kidogo, kwa sababu kazi hii huharibikia kwenye mambo madogo.

Bitimapu ni picha iliyoandikwa nukta moja moja, yaani pikseli. BMP ndiyo iliyozagaa, kwa kuwa Paint ya Windows ilikuwa ikihifadhi hivyo. Faili yake huanza na herufi BM, na mbele yake kuna maelezo: baiti 14 za faili na, kwa BMP nyingi, baiti 40 za picha yenyewe. Humo ndimo ulimo upana, urefu, idadi ya biti kwa kila nukta na idadi ya nukta kwa mita. Baada ya hapo ndipo zinakuja nukta, kwa kawaida kuanzia mstari wa chini kabisa kupanda juu, na kwa picha ya biti 24 kila nukta huandikwa buluu kwanza, kisha kijani, halafu nyekundu. Kila mstari hujazwa mpaka idadi ya baiti zake igawanyike kwa 4. Kwa hiyo ukubwa wa BMP isiyobanwa unaweza kuupigia hesabu kwenye karatasi. Ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2,480 kwa 3,508. Kwa rangi za biti 24 ni baiti 26,099,520, ongeza 54 za maelezo, unapata 26,099,574. Ukurasa huohuo ukiwa mweusi na mweupe tu, biti 1 kwa nukta, kila mstari una baiti 310 zinazojazwa kufika 312, na faili nzima ni baiti 1,094,558, zikiwemo 8 za paleti, yaani orodha ya rangi, ya rangi mbili.

Hesabu hii ndiyo kipimo cha kwanza cha uzima wa faili. Ukikuta BMP ambayo maelezo yake yanasema 2,480 kwa 3,508 kwa biti 24, lakini faili ina baiti milioni 19 tu, ujue imekatika, pengine CD haikusomeka hadi mwisho. Na kwa sababu mistari huanzia chini, kilichopotea ni sehemu ya juu ya picha, pale penye vichwa vya watu. Kuna programu zitakazoifungua faili hiyo bila kulalamika, zikajaza weusi pale juu, na ukiigeuza utapata PNG isiyo na kasoro yoyote ya picha iliyokatika. Rudi kwenye CD, ijaribu kwenye kiendeshi kingine, ndipo ugeuze. Zisizofuata hesabu hii kihalali ni BMP chache za biti 4 na biti 8 zilizobanwa kwa njia ya RLE, yaani ya kuhesabu nukta zinazojirudia.

BMP ina mitego mingine miwili. Wa kwanza ni wa zile za biti 32. Baiti ya nne ya kila nukta haikuwa na kazi katika faili nyingi za zamani, ikaachwa sifuri. Programu ya leo inaisoma baiti hiyo kama kiwango cha uwazi, na sifuri maana yake ni uwazi kamili, hivyo PNG inayotoka haionyeshi kitu. Watu huifuta wakidhani imeharibika, kumbe rangi zote zimo. Dawa ni kuiambia programu isijali uwazi, nitaonyesha amri yake baadaye. Mtego wa pili ni ile idadi ya nukta kwa mita. Nukta 300 kwa inchi huandikwa 11,811, lakini programu nyingi za zamani ziliandika sifuri. Ukiipeleka faili ya namna hiyo stashenari, mashine ikajikisia nukta 96 kwa inchi, ule ukurasa wa A4 unatoka na upana wa sentimita 65 na zaidi, au fundi anaubana kwa makisio yake na vipimo vya mchoro vinapotea. Ukijua skani ilipigwa kwa 300, irudishe 300 kwenye faili mpya. Ni kuandika namba tu, nukta zenyewe haziguswi.

Sasa JPEG. Viwango vyake vilitoka mwaka 1992 kwa ajili ya fotografia, na kwa fotografia ya kutazamwa kwenye skrini vinafaa kweli. Huigawa picha katika viraba vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa ndani ya kila kiraba yale mabadiliko ya haraka ambayo jicho huyapuuza. Programu nyingi pia hupunguza rangi ili nukta 4 zitumie rangi moja, zikitofautiana mwanga tu. Kwenye uso wa mtu huoni tofauti. Kwenye maandishi, mihuri, saini na mistari ya ramani, mabadiliko ya haraka ndiyo maudhui yenyewe: weusi wa wino unakutana na weupe wa karatasi katika nukta moja. Hapo JPEG huacha vumbi la kijivu kuzunguka kila herufi, na muhuri mwekundu juu ya maandishi meusi hufifia ukingoni. Zaidi ya hapo, JPEG haina picha ya biti 1. Ukurasa mweusi na mweupe hupandishwa kuwa kijivu cha biti 8, na mara nyingi faili inayotoka ni nzito kuliko ukurasa uleule uliohifadhiwa kwenye TIFF iliyobanwa kwa Group 4, njia ya kubana kurasa nyeusi na nyeupe bila kupoteza nukta. Yaani umepoteza ubora na nafasi kwa mpigo. Na kila ukiifungua, ukaikata pembeni na kuihifadhi tena JPEG, inabanwa upya kama fotokopi ya fotokopi.

PNG, iliyotoka 1996, hubana bila kutupa chochote. Hubeba biti 1, paleti ya rangi 256, kijivu, na rangi za biti 24 hadi 48, na huhifadhi idadi ya nukta kwa mita kama ilivyo kwenye BMP. Ukurasa wa maandishi hupungua mno ukiwa PNG. Fotografia yenye chembechembe za skana hupungua kidogo tu, na anayetarajia maajabu hapo atavunjika moyo. GIF nayo haipotezi nukta, lakini mwisho wake ni rangi 256, kwa hiyo igeuze GIF kuwa PNG, usiigeuze fotografia kuwa GIF.

Kabla ya kugeuza, jua ulicho nacho. Kubadili jina kutoka .bmp kuwa .jpg hakugeuzi chochote ndani ya faili, na kumbukumbu za zamani zimejaa majina ya uongo ya namna hiyo. Tazama baiti za mwanzo. Kwenye Linux amri ya file inatosha. Kwenye Windows fungua faili kwa HxD, programu ya bure ya kuonyesha baiti. BMP huanza 42 4D. PCX huanza 0A. TIFF huanza 49 49 2A 00 au 4D 4D 00 2A. GIF huanza na herufi GIF8. JPEG huanza FF D8. PNG huanza 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, na mpangilio huo uliwekwa makusudi: faili ikipitishwa mahali panapobadili alama za mwisho wa mstari, kama FTP (njia ya kuhamisha faili mtandaoni) iliyowekwa kwenye hali ya maandishi, baiti hizo huharibika mara moja na programu inajua. BMP na PCX hazina kinga hiyo. Faili zisizo na kiendelezi (herufi za mwisho wa jina, kama .bmp) kabisa, hasa kutoka kompyuta za Macintosh, zinaweza kuwa PICT, ambazo kwa kawaida hutanguliwa na baiti 512 za sifuri, au MacPaint, ambayo picha yake daima ni nukta 576 kwa 720. TGA za Truevision, aina nyingine ya picha, hazina alama ya mwanzo. Za toleo la pili zina neno TRUEVISION-XFILE mwishoni mwa faili.

PCX naomba niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayotupwa zaidi bila sababu. Ni ya kampuni ya ZSoft, waliotengeneza PC Paintbrush. Ina baiti 128 za maelezo mwanzoni, kisha nukta zilizobanwa kwa njia rahisi: baiti yoyote ya 192 au zaidi si rangi bali ni idadi, toa 192, na jibu linasema baiti inayofuata irudiwe mara ngapi. Picha za rangi 16 huweka paleti ndani ya zile baiti 128. Picha za rangi 256 haziwezi kufanya hivyo, kwa hiyo paleti yake imefungwa mkiani: baiti 769 za mwisho, ya kwanza ikiwa 0C, na 768 zilizobaki ni nyekundu, kijani na buluu za rangi zote 256.

Hapo ndipo penye tatizo. Faili ikikatika baiti chache tu mwishoni, picha nzima inabaki na umbo lake, lakini rangi zimekwenda: ngozi ya kijani, anga la zambarau, au kila kitu kijivu kisicho na mpangilio. Fundi asiyejua atasema faili imekufa. Angalia kwanza baiti ya 769 kutoka mwisho:

tail -c 769 picha.pcx | xxd | head -1

Tarakimu mbili za kwanza baada ya 00000000: zikiwa 0c, paleti iko mahali pake. Ikiwa si hiyo, tazama ukubwa wa faili. Ukigawanyika kamili kwa 128, na faili ikaishia na mfululizo wa 1A 1A 1A, faili haikukatika, imeongezewa: wakati fulani ilipitishwa kwenye modemu kwa itifaki ya XMODEM, ambayo hutuma vifurushi vya baiti 128 na kujaza kifurushi cha mwisho kwa 1A. Zifute hizo 1A za ziada kwenye nakala, kwa HxD, mpaka 0C ikae nafasi ya 769 kutoka mwisho, na rangi zitarudi zote. Kama faili imekatika kweli, kuna la kujaribu: chukua baiti 769 za mwisho za faili nyingine ya mkusanyiko uleule na uzibandike mwishoni mwa nakala ya iliyokatika, baada ya kufuta mabaki ya paleti kama yapo. Kama programu ilitumia paleti moja kwa picha zote, rangi zitakaa sawa. Kama haikutumia, utaona mara moja. Hakuna kati ya haya yatakayowezekana kama ulishageuza JPEG na kufuta PCX. Paleti ikishachanganywa ndani ya JPEG ya rangi mbovu, namba za asili hazipatikani tena.

TIFF ni jambo jingine. Ilianzishwa na Aldus mwaka 1986, na toleo la 6.0 la mwaka 1992 ndilo linalotumika mpaka leo. Ni kama gunia: ndani yake unaweza kukuta picha isiyobanwa, iliyobanwa kwa LZW (njia nyingine isiyopoteza nukta), kwa Group 4, au hata kwa JPEG. Amri ya tiffinfo itakuambia kilichomo. Hataza ya LZW iliyokuwa mikononi mwa Unisys iliisha Marekani Juni 2003, ndiyo maana baadhi ya programu za kabla ya hapo zilikataa kusoma au kuandika TIFF za LZW. Leo hakuna kizuizi. TIFF moja pia inaweza kubeba kurasa nyingi, na PNG haiwezi. Programu nyingi za kugeuza huchukua ukurasa wa kwanza tu na kunyamaza kuhusu mingine. Daftari la ubatizo la kurasa 80 linageuka PNG moja, TIFF inafutwa, na kurasa 79 zimekwenda. Hesabu kurasa kabla na baada.

Faksi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ni TIFF pia, na zina jambo lake. Upana ni nukta 1,728 kwa msongamano wa 204 kwa inchi, lakini urefu, kwa faksi ya kawaida, ni 98 tu kwa inchi. Nukta si mraba. A4 nzima ina mistari kama 1,143, yaani ni fupi kuliko upana wake, na programu isiyosoma msongamano itaionyesha imebonyea nusu. Ya awali iache na nukta zake na namba zake. Kwa nakala ya kusoma, rudia kila mstari mara mbili kwa -sample 100%x200% ya ImageMagick, programu nitakayoieleza mbele. Urefu utapungukiwa na kama asilimia 4, lakini herufi zitabaki kali. Usitumie -resize hapo, maana hulainisha kingo na kuingiza kijivu. Na ukipata faksi yenye maandishi meupe juu ya weusi, haijaharibika: TIFF ina alama inayosema kama sifuri ni nyeupe au ni nyeusi, na programu imeikosea. Ongeza -negate.

TIFF za kiwanda cha uchapaji, Mhariri, gazeti lako litakuwa nazo: picha za CMYK zenye rangi nne za wino. Hizo zisigeuzwe PNG, kwa kuwa PNG haina CMYK, na ubadilishaji kwenda RGB (rangi tatu za skrini) bila wasifu wa rangi wa mashine ile hutoa nyekundu na kijani kali mno. Ziache TIFF, zibane kwa LZW kama nafasi inasumbua.

Ramani zilizopigwa skani zinahitaji uangalifu wa pekee. Pembeni ya BMP au TIFF ya ramani mara nyingi kuna faili ndogo ya maandishi yenye mistari 6, kiendelezi chake .bpw au .tfw. Ndiyo inayosema kila nukta ni mita ngapi ardhini na nukta ya kwanza iko wapi. Ramani ya 1:50,000 iliyopigwa skani kwa nukta 300 kwa inchi, kila nukta ni mita 4.23. Ukigeuza kuwa PNG, faili hiyo ndogo lazima ipewe jina jipya lenye .pgw, la sivyo programu ya ramani haitaiona. Na usibadili ukubwa wa picha hata kidogo. Ukipunguza nusu, namba ya mstari wa 1 na wa 4 zinatakiwa zizidishwe kwa 2, na kituo cha nukta ya kwanza kinasogea kwa nusu ya nukta ya zamani kila upande. Wachache hukumbuka hilo, na mipaka inahama. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya ziko kwenye mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na faili ya mistari 6 haiandiki mfumo huo popote, kwa hiyo uandike mwenyewe kwenye faili ya maelezo. Ramani ambayo namba za paleti zenyewe zina maana, kwa mfano 3 ni msitu na 5 ni shamba, usiipitishe kwenye programu ya picha inayoweza kupanga paleti upya. Tumia gdal_translate, ambayo huacha namba na paleti vilevile.

Kwa kazi ya jumla ninapendekeza ImageMagick, ya bure, inayofanya kazi Windows, Linux na Mac. Toleo la 7 hutumia amri ya magick. Maelekezo ya zamani husema convert, na kwenye Windows neno hilo ni hatari, kwa sababu Windows ina convert yake ya kugeuza diski kutoka FAT kwenda NTFS. Andika magick daima. Kwanza nakili kila kitu kutoka kwenye diski kwenda folda inayoitwa asili. Disketi ya inchi 3.5 isogeze kile kidude cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, hapo kompyuta haiwezi kuiandikia. Weka folda ya asili iwe ya kusoma tu, na hifadhi orodha yenye tarehe za faili (kwenye Windows, dir /s > orodha.txt), kwani tarehe hiyo inaweza kuwa ushahidi pekee wa lini skani ilipigwa, na faili mpya itakuwa na tarehe ya leo.

Kisha, ukiwa ndani ya folda ya nakala ya kazi, tengeneza folda ya mpya na uandike:

magick mogrify -path mpya -format png *.bmp

Sehemu ya -path na -format zisisahaulike. Mogrify bila hizo huandika juu ya faili ya awali bila kuuliza. Usichanganye pia aina mbili kwenda folda moja: picha01.bmp na picha01.pcx zote zitakuwa picha01.png, na ya pili itaifuta ya kwanza. Kila aina iwe na folda yake. Kwa BMP ya biti 32 iliyotoka tupu:

magick picha.bmp -alpha off picha.png

Kwa faili iliyopoteza msongamano wake:

magick picha.bmp -units PixelsPerInch -density 300 picha.png

Kwa TIFF ya kurasa nyingi, tumia namba za tarakimu tatu ili ukurasa wa 10 usije kabla ya wa 2:

magick daftari.tif daftari-%03d.png

Ukiiweka amri hiyo kwenye faili ya .bat (faili ya amri za Windows), alama ya % iandikwe mara mbili. Na ukihifadhi TIFF, -compress Group4 itumike kwa kurasa ambazo tayari ni nyeusi na nyeupe tu. Ukiitumia kwenye picha ya kijivu, kijivu chote kinaondoka.

Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia XnConvert au IrfanView, ambazo hugeuza faili nyingi kwa mara moja. Kwenye IrfanView bonyeza herufi B. Hakikisha hakuna alama kwenye visanduku vya kubadili ukubwa, kupunguza rangi au kufuta faili za awali. Zote mbili ni za bure kwa matumizi binafsi, lakini kampuni inapaswa kulipia leseni. Tovuti za kugeuza faili mtandaoni siziungi mkono kwa nyaraka za watu. Hati ya kiwanja au cheti cha hospitali kikipakiwa huko, kimekwenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019.

Baada ya kugeuza, linganisha:

magick compare -metric AE asili.bmp mpya.png null:

Jibu ni idadi ya nukta zinazotofautiana, na linatakiwa kuwa 0. Likiwa 1, kuna tatizo, litafutwe. Ile ya biti 32 uliyoiondolea uwazi italeta namba kubwa kwa sababu ya uwazi wenyewe. Ilinganishe na nakala ya BMP iliyosomwa kwa -alpha off pia. Kipimo hiki hakigusi msongamano, kwa hiyo ongeza:

magick identify -format "%w %h %x %y %U %z\n" mpya.png

Utaona upana, urefu, msongamano, kipimo chake na biti kwa kila mkondo wa rangi. Usishtuke ukiona 118.11 badala ya 300. PNG na BMP huhesabu kwa mita, programu inaonyesha kwa sentimita, na 118.11 kwa sentimita ndiyo 300 kwa inchi.

Hata ikiwa majibu yote ni sawa, BMP na PCX za awali zibaki, zimefungwa kwenye ZIP kama nafasi ni ndogo, kwani ZIP haipotezi baiti hata moja. Ziwekwe sehemu mbili tofauti, pamoja na orodha ya SHA256 (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zote) ya kila faili (kwenye Windows, certutil -hashfile jina SHA256), ili miaka ijayo mtu aweze kujua kama faili imebadilika.

Nimalizie na ombi kwa dawati lako la picha. Mnapowaomba wasomaji picha za kale, waambieni watume PNG au TIFF kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama dokumenti. Ikitumwa kama picha, WhatsApp huipunguza ukubwa na kuibana JPEG kabla haijawafikia. Na mkiipokea, tengenezeni JPEG ya ukurasani kutoka kwenye faili hiyo, kisha faili yenyewe iingie kwenye maktaba yenu ikiwa na jina la mpiga picha, mahali na mwaka.

Mtunza kumbukumbu za picha,
Morogoro